Wajibu kwa Mti wa Kurithi

Mtu ana wajibu gani kwa kitu alichoachiwa na waliomtangulia? Swali hili huonekana jepesi likitajwa katika urithi wa fedha, kwani fedha haina uhai. Anayeirithi huitumia, na hapana amlaumuye ila akiifuja. Likitajwa katika urithi wa mti huwa zito. Aliyepanda mti hakujipandia nafsi yake tu, na anayeukata huenda hakati mali yake peke yake.

Katika mkoa wa Kigoma swali hili si la vitabuni. Toka Katonga, penye mwalo wa wavuvi wa dagaa, hadi Ujiji na vijiji vya bara, mchikichi ni mti ujulikanao na kila nyumba. Nyama ya tunda lake hukamuliwa mawese, mafuta mekundu ya kupikia. Kokwa zake, yaani mise, hutoa mafuta mengine yafaayo kwa sabuni. Na maganda yake magumu huwashwa moto. Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, aliuona mti huu na mafuta yake, akauandika katika kitabu cha safari yake. Urithi huu, basi, ni mkongwe, nao umelisha vizazi vingi.

Aina iliyozoeleka huko tangu zamani huitwa na wataalamu dura. Kokwa yake imo ndani ya ganda nene, na kwa hiyo nyama yenye mafuta ni haba. Aina nyingine, tenera, ina ganda jembamba na nyama nyingi. Katika shamba la eneo lile lile yaweza kutoa mafuta maradufu au zaidi. Tangu mwaka 2018 serikali ya Tanzania imeihimiza sana aina hii, na kituo cha utafiti cha Kihinga, mkoani Kigoma, kimepewa kazi ya kuishughulikia. Sababu ni wazi: nchi imekuwa ikinunua ng'ambo sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula, na hali ardhi ya kuyazalisha inayo.

Hapo ndipo hoja mbili zinapokabiliana. Ya kwanza yasema kuwa mti ni chombo cha maisha, na chombo kikipatwa bora kuliko cha kale, cha kale huwekwa kando bila machozi. Ya pili hujibu kwa methali: mwacha asili ni mtumwa. Kila moja ina ukweli wake, na kila moja ina upungufu.

Upungufu wa hoja ya pili ni kuufanya ukale kuwa fadhila. Umri peke yake hautakasi kitu. Maradhi nayo ni ya kale, na ujinga vile vile. Zaidi ya hayo, asili ya mchikichi ni misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati. Mkulima wa kwanza aliyeutia katika udongo wake mahali ulipokuwa haujulikani alikuwa mtu wa mambo mapya. Kumheshimu mtu huyo kwa kukataa kila jipya ni kumwiga kwa sura na kumwasi kwa moyo.

Upungufu wa hoja ya kwanza umefichika zaidi. Jipya hili halikuzuka lenyewe. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen, waliofanya kazi Yangambi katika Kongo iliyokuwa chini ya Ubelgiji, walieleza jinsi unene wa ganda unavyorithiwa. Tenera ni mtoto wa dura na pisifera, na pisifera ni mchikichi usio na ganda, ambao aghalabu hauzai matunda vema. Katika uzalishaji wa mbegu, mama ni dura, na chavua hutoka kwa pisifera. Tena, mbegu za tenera zilizotungwa kwa tenera hazitunzi sifa yake zote: katika nne, moja kwa wastani hurudi kuwa dura, mbili huwa tenera, na moja pisifera. Anayeukata mti wa kale kwa dharau humdharau mama wa mti anaoupenda. Naye asiyebakiwa ila na tenera hana budi kurudi kwa mzalishaji kila atakapo mbegu.

Yaweza kujibiwa kuwa mama huyo si lazima awe dura wa Kigoma. Ni kweli. Lakini mashamba makubwa ya Asia ya Kusini-Mashariki, kwa upande wa mama, yametokana kwa sehemu kubwa na michikichi minne iliyopandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Ukoo ulio mwembamba hivyo huenda ukahitaji siku moja damu ya ukoo mwingine, na damu iliyokwisha kung'olewa hainunuliki.

Ureno inatoa mfano. Touriga Nacional ni mzabibu wa jadi wa bonde la Douro na nchi ya Dão, wenye zabibu ndogo nyeusi na mvinyo mwekundu mzito. Katika karne ya 19 mdudu wa mizizi, filoksera, aliangamiza mizabibu, na wakulima walipopanda upya wengi waliuacha mzabibu huo kwa kuwa ulizaa kidogo. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 wataalamu walichagua mashina yake yaliyo bora, na leo hutajwa miongoni mwa fahari za nchi ile. Kuchagua kuliwezekana kwa sababu moja tu: palikuwa bado na mashina ya kuchagua.

Hata hivyo ni dhuluma kumwambia mjane mwenye michikichi kumi aihifadhi kwa faida ya ulimwengu, huku watoto wake wakikosa ada ya shule. Ni dhuluma pia kumhimiza aikate yote leo, naye atangoja kiasi cha miaka mitatu kabla mche mpya haujaanza kuzaa. Usiache mbachao kwa msala upitao ni shauri jema kwa mtu mwenye mbacha mmoja. Mzigo wa kuhifadhi ni wa umma, kwa kuwa faida yake ni ya umma: utunzwe na vituo vya utafiti, vyuo na serikali, na mkulima apande mche mpya pembeni mwa mti wa zamani mpaka mpya uweze kumlisha.

Wajibu kwa urithi, basi, si kuuabudu wala kuuganda. Ni kuujua kabla ya kuuhukumu, na kutomnyima ajaye uwezo wa kuchagua. Aliyepanda mchikichi alimwachia mrithi wake mafuta, na pamoja nayo hiari. Anayekula mafuta na kuiangamiza hiari amerithi nusu, na nusu ameipora kwa wajukuu.