Sangari na Mzizi Mchungu



Ninyi mlimao kahawa katika miteremko ya Kilimanjaro mwaijua sangari bila kuambiwa. Kando ya barabara na malishoni twaipita kila siku, wala hatuichukii: ng'ombe huila, na kingo za njia hushikwa nayo zisichukuliwe na mvua. Lakini ivukapo mtaro na kuingia kihambani, mibuni hugeuka manjano, na mwenye shamba hukosa usingizi.

Nguvu yake haimo katika jani lionekanalo. Imo katika mashina membamba yatambaayo chini ya udongo, yenye vifundo vingi, na kila kifundo chaweza kuchipuka. Mvivu huikata juu kwa jembe (na mwenye haraka pia, tusimsahau), na kwa juma moja shamba lake ni safi. Mvua ikinyesha, kila kipande alichokikata kimetoa jani. Kumbe jembe lake limeipanda!

Waraka kwa Waebrania, mlango wa 12, fungu la 15, watuonya juu ya mzizi mchungu uchipukao na kuwatia wengi unajisi.

Na hapa imetupasa kuungama kosa letu wenyewe. Ndugu wawili, wana wa mama mmoja, waligombana kwa ajili ya mpaka wa kihamba. Tuliwaita mbele ya wazee wa usharika, tukaomba, tukawaambia wapeane mikono. Wakapeana. Jumapili ile wakaja Mezani pa Bwana, nasi tukafurahi sana. Hatukuwauliza ugomvi ulianza lini. Baada ya miaka michache watoto wao hawakuamkiana njiani, wala hakuna aliyewaambia sababu.

Bwana wetu hakumtendea Petro hivyo. Katika Yohana, mlango wa 21, alimwuliza mara tatu kama ampenda, kwa kuwa alikuwa amemkana mara tatu. Petro akahuzunika alipoulizwa mara ya tatu. Bwana hakuacha mpaka ameuliza mara hiyo ya tatu, na kila mara akamkabidhi kondoo zake. Alichimba, asimtupe.

Sangari nayo huchimbwa kwa uma wakati wa kiangazi. Mtu huufuata mzizi kwa mkono mpaka mwisho wake, hukung'uta udongo, huutandaza juani ukauke kabisa. Mgongo huuma, na shamba dogo hula siku nyingi. Basi, walimu, mwandikapo majina ya watakaokuja Mezani pa Bwana, msiharakishe kwa sababu orodha ni ndefu.

Sisi tuliwarudia wale ndugu wawili. Jioni tatu tuliketi nao chini ya migomba, na jioni mbili za kwanza walisema habari za mpaka tu. Jioni ya tatu yule mkubwa akalitaja neno alilolisikia siku ya mazishi ya baba yao, akalia. Mdogo wake alikuwa hajui kamwe ya kuwa neno lile lilisikiwa.