Kizunguzungu: Nani Shahidi wa Kweli?

Homa ina kipimajoto, na shinikizo la damu lina mashine yake. Kizunguzungu kina mdomo wa mgonjwa tu. Akisema dunia inamzunguka, aliyekaa naye chumba kimoja anaona kuta zimetulia palepale. Swali la kale la wanafalsafa, la namna mtu anavyoweza kujua kinachopita ndani ya nafsi ya mwenzake, limewafuata watakwimu hadi kwenye madodoso yao.

Nchini Marekani kuna utafiti wa taifa wa afya na lishe, NHANES, unaosafiri na matrela yaliyogeuzwa kuwa vyumba vya uchunguzi. Washiriki huteuliwa kwa sampuli, ili wachache wawawakilishe mamilioni. Katika awamu za 2001 hadi 2004, wenye umri wa miaka 40 na zaidi waliulizwa kama ndani ya miezi 12 iliyopita walipata kizunguzungu, au walipata taabu ya kusimama imara, au ya kuanguka. Kisha wakapimwa. Hatua ya mwisho ya kipimo ilikuwa ngumu kuliko zote: kusimama juu ya sponji nene kwa sekunde 30, macho yamefumbwa.

Mwili husimama wima kwa kusikiliza mashahidi watatu: macho, nyayo pamoja na misuli, na sikio la ndani, ambalo mifereji yake mitatu yenye majimaji huhisi kila mgeuko wa kichwa. Ukifumba macho, shahidi wa kwanza ametolewa barazani. Sponji humvuruga wa pili. Anabaki wa tatu peke yake. Mzizi wa kipimo hicho ni kazi ya Moritz Romberg, daktari wa Berlin wa karne ya 19.

Mwaka 2009, mtafiti Yuri Agrawal na wenzake walichapisha hesabu yao ya takwimu hizo za NHANES. Asilimia 35.4 ya Wamarekani wa umri huo, watu wapatao milioni 69, walishindwa kipimo kwa namna iliyoashiria hitilafu ya mfumo wa mizani ya mwili ulio katika sikio la ndani. Utafiti mwingine wa taifa wa 2008, uliotegemea maswali peke yake na kuhusisha watu wazima wa umri wote, ulipata karibu asilimia 15, kama watu milioni 33. Umri unaeleza sehemu ya pengo hilo. Hata hivyo, kuyumba ni jambo moja na kujihisi unayumba ni jingine.

Basi aaminiwe nani?

Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, alieleza jinsi alivyopoteza imani na hisi zake. Jicho hutazama kivuli likakihukumu kuwa kimetulia, kumbe kinasogea. Huiona nyota ndogo kama dinari, ilhali hesabu za wanafalaki zathibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Mwenye kufuata hoja hiyo kwa haraka atasema sponji ndiyo hakimu, na maneno ya mgonjwa ni porojo.

Lakini Ghazali hakuishia hapo: baada ya hisi, aliihoji akili yenyewe. Sponji nayo inastahili kuhojiwa. Mtu anaweza kuanguka kwa miguu dhaifu au kwa woga, na sikio lake likawa zima. Tena takwimu zilezile zilionyesha kuwa walioshindwa kipimo na pia kusema wana kizunguzungu walikuwa na uwezekano wa kuanguka, kwa hesabu ya kitakwimu, mara 12 ya wengine. Kauli ya mgonjwa, ikiungana na kipimo, ilibeba habari nzito kuhusu kuanguka.

Kwa hiyo utafiti unaopima bila kuuliza ni pungufu, sawa na ule unaouliza bila kupima. Kipimo kinajua mwili unafanya nini; mwenye mwili anajua unamfanyia nini, na ujuzi huo hauna njia nyingine ya kufika kwa daktari. NHANES ilipokirudisha kipimo cha mizani katika awamu ya 2021 hadi 2023, maswali nayo yalirudi.