Ametubu, Basi Siku 7 Zinatosha?



Kuna kesi moja ya Marekani inanisumbua. Kampuni ya HealthSouth ya Birmingham, Alabama, yenye hospitali nyingi, ilipika hesabu kwa miaka hadi faida hewa ikapita dola bilioni 2. Aliyekuwa mkurugenzi wake wa fedha alikiri kosa, akawaeleza wapelelezi anayoyajua, akatoa ushahidi dhidi ya bosi wake. Jaji akamhurumia, akampa kifungo cha nje. Waendesha mashtaka wakakata rufaa, adhabu ikafutwa. Jaji yuleyule akampa siku 7 jela. Wakakata rufaa tena! Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikasema siku 7 haziendani na kosa, ikaagiza apangiwe jaji mwingine, na huyo akampa miaka 3. (Bosi aliyekana mashtaka yote aliachiwa huru katika kesi ile. Inauma, ila leo tumwache.)

Sasa wengine tutasema: jamani, si ametubu? Huruma iko wapi?

Lakini sisi wenyewe tukiungama, padre anatuondolea dhambi, na bado anatupa malipizi. Kwa nini, kama yameisha? Kwa sababu kuna kitu kimeharibika huko nje na bado hakijatengenezwa. Zakayo alilijua hilo bila kuambiwa. Alisema mwenyewe atarudisha mara nne. Na Katekisimu, namba 2266, inafundisha kwamba adhabu kwanza inarekebisha vurugu iliyoletwa na kosa, na mkosaji akiipokea kwa hiari inakuwa malipizi.

Halafu tujiulize, jaji yule alikuwa anasamehe deni la nani? Yeye hakuibiwa. Walioumia ni watu walionunua hisa kwa kuamini hesabu zile, na wengi wao hawakuwepo mahakamani. Kusamehe deni la jirani ni rahisi mno. Na kijana aliyekwapua simu stendi, akakiri palepale, nani angemfikiria siku 7? Hana tai, hana wa kumwandikia barua kwamba ni baba mwema.

Hoja ya jaji si ya kijinga, lakini. Wanaokiri wakibanwa sana, nani atakiri kesho? Ila ujue mwongozo wa adhabu kwa makosa yake ulianzia miaka 9. Kupata 3 tayari ni kuhurumiwa, tena sana.

Eti mwendesha mashtaka huyo ni kama kaka wa mwana mpotevu, amenuna nje ya sherehe? Sidhani. Kaka alijilalamikia mwenyewe. Huyu anawasemea wengine. Anayefanana na kaka ni yule anayeshangilia tu kuona mkubwa kaongezewa miaka.

Kinachobaki kigumu kwangu ni kule kusubiri: familia inashusha pumzi, kisha inaanza upya, mara ya pili, mara ya tatu. Uingereza, majaji wanaoongeza adhabu kwa rufaa ya namna hii wamekuwa mara nyingine wakipunguza kidogo nyongeza hiyo, kwa sababu ya uchungu wa kuhukumiwa mara mbili. Hiyo naielewa.