Tuhesabu Maswali, Tusiwaandike Waulizaji

Hivi, ndugu msomaji, mkutubi ana haki ya kuweka kumbukumbu ya ulichomuuliza?

Faida ya takwimu naijua. Mkutubi wa chuo akiandika saa, idara, aina ya swali na dakika alizotumia kumshauri mwanafunzi, ataona foleni inajaa lini. Atapanga zamu vizuri, na mtu hatazungushwa njoo leo, njoo kesho. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu unaanza jina linapokaa kando ya swali. Binti anayetafiti utoaji mimba, kijana anayechimba habari za mapinduzi, watauliza kweli wakijua daftari linawataja? Watanyamaza. Halafu takwimu zitasema eti hawana shida!

Chama cha wakutubi wa Marekani kiliandika tangu 1939 kwamba siri ya msomaji itunzwe. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa lengo maalumu, wala zisizidi lengo hilo.

Utaniuliza: bila jina, aliyekwama atafuatiliwaje? Aombwe ruhusa, na kazi ikiisha jina lifutwe. Zamu hupangwa kwa idadi, si kwa majina.

Tena daftari humwona aliyefika mezani tu. Aliyeona haya mlangoni akarudi zake bwenini hayumo kabisa. Huyo mkutubi amfuate darasani, kwa miguu yake.

Mimi nasema, mwanafunzi anayeogopa kuuliza hafanyi utafiti. Ananakili tu.