DANIELI ALIOMBA APIMWE

Somo letu ni Danieli, sura ya kwanza.

Habari yenyewe mnaijua. Vijana wa Yuda wako Babeli, wanapangiwa chakula cha mfalme na divai yake. Danieli akakataa. Lakini tuangalie namna alivyokataa. Hakugombana na msimamizi, wala hakusema kwamba Mungu atamlinda na inatosha. Aliomba siku kumi za mboga na maji, halafu watazamwe pamoja na wale waliokula meza ya mfalme. Mtu wa sala kama yule, aliyekuja kufasiri ndoto za mfalme, alikubali macho ya mtu mwingine yapime mwili wake.

Hapa Kisangani, toka Mangobo mpaka Lubunga, watoto wengi wanakosa chakula cha kutosha. Hiyo ndiyo taabu kubwa, hatuifichi. Lakini katika nyumba zingine, zaidi zile zenye duka au mshahara, tumeanza kuona kitu kingine: mtoto wa miaka saba anayehema akikimbia kidogo tu, na mama anacheka, anasema ni baraka. Tunamwelewa mama huyo. Sisi tulikuwa vijana wakati wa vita ya siku sita, mwezi wa sita 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katika mji wetu. Tulilala chini ya vitanda na tumbo tupu. Aliyeona mambo yale anaapa mtoto wake hatajua njaa. Mtoto akilia, biskuti. Akilia tena, sukre.

Na tusianze kuwahukumu wamama. Kanisa letu lilikataza pombe na tumbako, vizuri sana. Kisha ndoa na sikukuu zetu tukazijaza kreti za sukre, na mtoto akimaliza chupa ya pili shemasi anamletea ya tatu. (Shemasi huyo ni sisi.) Chupa ndogo moja inaweza kuwa na sukari karibu vijiko vinane vya chai. Zamani tulikwenda shule kwa miguu. Leo baba mwenye uwezo anampandisha mtoto pikipiki hata kwa mwendo wa dakika kumi. Waganga wanafundisha kwamba mtoto wa shule anahitaji saa moja ya kuchezesha mwili kila siku. Unene unaozidi utotoni mara nyingi unabaki mpaka ukubwani, na unaweza kuleta kisukari na presha.

Wengine watatujibu: Kitabu chenyewe kinasema wale vijana walinenepa! Ndiyo, lakini walinenepa kwa mboga na maji. Ule ulikuwa mwili wa afya. Tena kuna kuvimba kunakotudanganya. Mtoto mwenye kwashiorkor anajaa mashavu na miguu, majirani wanasifu, kumbe yuko karibu na kufa. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya kila mguu, hesabu polepole mpaka tatu. Shimo likibaki kwa miguu yote miwili, mpeleke kituo cha afya siku ileile. Tutaomba njiani.

Kwenye vituo vya afya vya kartie zetu kuna siku za kupima watoto walio chini ya miaka mitano, na kuna wajumbe wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba. Wamama wengi wanakwenda mpaka chanjo ya surua, halafu karatasi ya mtoto inalala sandukuni. Warudi. Ule utepe wa mkono wenye rangi tatu unaonyesha kukonda tu. Kwa unene, mwombe muganga apime kilo pamoja na urefu, hata kwa mtoto wa shule.

Mtoto mnene asichekwe, wala asifungishwe. Kufunga ni sala ya watu wazima. Mtoto mchanga apewe ziwa la mama peke yake mpaka miezi sita. Akikua ale pamoja nasi sombe, maharage, samaki wa mto, lituma, papai, na kunywa maji safi.

Jumapili ya kwanza ya mwezi, kisha ibada, wamama wa kanisa watapika vyakula hivyo, na tumemwomba mjumbe wa afya awepo. Wababa pia waje. Kreti zitabaki dukani. Kila mzazi alete karatasi ya kipimo ya mtoto wake, hata kama imechakaa.