Mchuzi Usio na Chumvi

Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Hilo, Hawaii. Inasimuliwa kuwa loco moco ilianzia mjini humo mwaka 1949, kwa vijana waliotaka chakula cha haraka, cha bei nafuu na cha kushibisha: wali mweupe, juu yake donge bapa la nyama ya ng'ombe ya kusaga, yai la kukaanga na mchuzi mzito wa kahawia.

Daktari amemshauri apunguze chumvi. Jumapili aliponiomba loco moco, nilipika mchuzi bila chumvi wala sosi ya soya, nikanyamaza. Alitoboa yai, kiini kikatiririka juu ya wali. Akaonja, akaweka kijiko chini.

“Mwanangu, umeupikia ugonjwa wangu. Mimi hujanipikia.”

Nilidhani kule kunyamaza ni upendo. Lakini kumlinda mtu mzima kwa kumficha ni kumnyang'anya uamuzi wake. Ningemwambia, pengine angechagua nusu sahani yenye ladha, au angekula mchuzi huo huo chapwa kwa hiari yake.

Nilimwomba radhi, nikaweka chupa ya soya mezani. Alidondosha matone matatu, akanirudishia.