Saa ya Mkono na Macho ya Watu



Baada ya somo la uwakili Jumapili iliyopita, vijana wetu walibaki nyuma wakibishana, na swali likaletwa kwangu: je, ni dhambi mtu aliyeokoka kununua saa ya mkono ya shilingi laki mbili? Wengine walisema huo ni wizi kwa maskini. Wengine wakasema ati mtoto wa Mfalme hawezi kuvaa vitu vya kuokota. Niliahidi kujibu kwa maandishi, maanake ndiyo au la ya haraka haitamjenga mtu.

Hebu tuanze na kitu chenyewe. Saa iliyozua ubishi si ya betri. Ndani yake kuna springi iliyokunjwa, na inapojikunjua polepole inasukuma magurudumu madogo yenye meno. Gurudumu moja hucheza kwenda na kurudi, na katika saa nyingi za siku hizi linapiga mara 28,800 kwa saa moja. Vipande zaidi ya mia, vingine vyembamba kama unywele, vimepangwa mahali padogo kama kifuniko cha soda.

Mimi nilisoma biashara chuoni, na mtu wa biashara lazima aulize: hizi pesa zinanunua nini? Hazinunui kujua saa ngapi. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ilianza kuuza kule Tokyo saa ya kwanza ya mkono inayoongozwa na mtetemo wa kijiwe kinachotiwa umeme wa betri. Tangu teknolojia hiyo ishuke bei, saa ya shilingi mia tano yaweza kuishinda ya laki mbili kwa usahihi. Ya springi, hata ikiwa nzuri, hupoteza au kuongeza sekunde kadhaa kila siku. Ya betri ni sekunde kama 15 kwa mwezi. Na simu uliyo nayo mfukoni inazishinda zote. Kwa hivyo anayenunua saa ya laki mbili ananunua kitu kingine. Ninaona ni kimoja kati ya viwili: kazi ya mikono, au macho ya watu.

Kufurahia kazi ya mikono si dhambi. Kitabu cha Kutoka kinatuambia Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake ili afanye kazi ya dhahabu, ya fedha, ya mawe na ya mbao. Hakupewa Roho ahubiri; alipewa atengeneze vitu, navyo vikapendeza. Au mwangalie John Harrison wa Uingereza, fundi seremala. Mabaharia walikuwa wakipotea na kufa kwa sababu hawakuwa na saa ya kuaminika ya kuwaonyesha wamefika wapi mashariki au magharibi, na mwaka wa 1714 Bunge la nchi hiyo likatangaza zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayetatua shida hiyo. Harrison aliitumikia kazi hiyo miaka mingi. Saa yake ya nne ilipojaribiwa safarini kwenda Jamaica mwaka wa 1761, baada ya siku 81 ilikuwa imechelewa kwa sekunde tano hivi tu. Mtu akishika saa ya springi na kustaajabia akili ambayo Mungu amempa mwanadamu, simhukumu. Ameona kitu cha kweli.

Lakini macho ya watu ni jambo lingine. Angalia jinsi saa ilivyotengenezwa: uso wake unamwelekea mvaaji. Ni yeye anayepaswa kuusoma. Ukianza kukunja mkono wa shati ili wengine wausome, saa imebadilisha bwana. Sisi Wakenya tunalijua hili vizuri. Mwaka wa 2024, vijana walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, moja ya mambo yaliyowauma ni viongozi kujionyesha kwa saa, viatu na magari ilhali wananchi wanaambiwa wafunge mikanda. Na hawakuishia kwa wanasiasa. Makanisa pia yaliulizwa pesa zinazoletwa madhabahuni zinatoka wapi. Swali hilo lilikuwa halali, na sisi watumishi hatuna ruhusa ya kulikasirikia.

Ushahidi mwingine ni hizi saa feki tunazouziwa mitaani, zenye majina makubwa na bei ya chakula cha mchana. Tuna sheria ya kupambana na bidhaa bandia tangu 2008, lakini mimi naongea juu ya roho. Mtu anayevaa jina la Rolex akijua ni feki hafurahii ufundi, kwa sababu ufundi wenyewe haupo. Alichonunua ni macho peke yake. Huo ni uongo unaosemwa kwa mkono, hata kama mdomo umefungwa.

Sasa nije kwa sehemu ngumu. Tuseme moyo wako ni safi, saa ni halali, na unapenda ufundi kweli. Je, swali limeisha? Halijaisha. Chuoni tulifundishwa kwamba gharama ya kitu si bei tu. Ni pamoja na kile ambacho pesa hiyo ingefanya kwingine. Moyo safi haufuti hesabu hiyo. Najua mtu ataniletea Mariamu wa Bethania, aliyemwaga marhamu ya dinari 300 kwa miguu ya Yesu, naye Yesu akamtetea. Ni kweli. Lakini Mariamu aliimwaga yote. Hakujipaka mwenyewe akaketi mbele ili tumnuse.

Kuna guka mmoja hapa Mugutha aliyenunua Seiko kwa mshahara wa shamba la kahawa, zaidi ya miaka 40 iliyopita. Ni ile inayojitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono. Ilipoanza kusimama simama, wajukuu walimwambia aitupe, maanake kuitengeneza ni bei kuliko kununua mpya ya betri. Yeye akapanda matatu hadi kwa fundi. Fundi akamwambia haijavunjika, ni mafuta yamekauka ndani. Akaifungua, akaiosha, akaitia mafuta mapya, ikatembea. Vitabu vyangu vya biashara vingeita hiyo hasara. Mimi naiita heshima kwa kazi ya mtu asiyemjua.

Halafu karo ya mjukuu ikakosekana, na guka akaiuza hiyo saa. Nilipomuuliza kama haimuumi, aliniambia, “Pasta, inauma. Lakini nilikuwa nimeivaa mimi, haikuwa imenivaa.”

Wapendwa, hapo ndipo nimepata jibu langu kwa vijana. Guka alijua kutunza na alijua kuachilia, na mtu mwenye hayo mawili anaweza kumiliki kitu kizuri bila hatari. Lakini pia sitaki tumsifu guka haraka tukasahau swali lingine: mtu auze kitu chake kimoja cha thamani ili mtoto asome, na kanisa zima liko hapo? Uwakili si somo la mwenye kidogo peke yake.

Kwa hivyo, kijana, kabla hujatoa hizo laki mbili, jiulize matatu. Kwanza, ungeinunua kama hakuna mtu angeiona milele? Pili, je, unaowadai na wanaokudai wako sawa, na kijana anayekufanyia kazi umemlipa? Tatu, jirani wa benchi akikwama kesho, unaweza kuivua? Ukijibu yote matatu ukiwa peke yako mbele za Mungu, hutahitaji ruhusa yangu. Ukikwama kwa moja, subiri. Saa haina haraka.

Na wewe ambaye huna mpango wa kununua saa yoyote, angalia benchi lako Jumapili hii. Jua ni nani karibu ameanza kuuza vitu vya nyumba, na umfikie kabla ya mnunuzi.

Mungu awabariki.